BAHARI ILIYO CHINI YA HOLA
Jinsi umri wa mashapo ya kale unavyopimwa, na yale yanayotufunulia juu ya nchi yetu

Mji wa Hola umesimama ukingoni mwa Mto Tana, upande wa magharibi, zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini. Msafiri afikaye huko kutoka Garissa au kutoka Garsen haoni dalili yoyote ya bahari. Aona nchi tambarare, vichaka vya miiba, ng'ombe wa Waorma wakiteremka kunywa maji, na kando ya mto mashamba ya Wapokomo yenye miembe, migomba na mpunga. Walakini chini ya nchi hiyo kavu zimelala tabaka nyingi za tope, mchanga na chokaa zilizotua zamani katika sakafu ya bahari, na unene wake ni wa kilomita kadhaa. Ndani yake mna viumbe vya baharini ambavyo leo haviishi mahali popote duniani.

Habari hii si ya kustarehesha akili tu. Mtu anayetaka kuchimba kisima kirefu, au kampuni inayotafuta mafuta, lazima kwanza ajue tabaka zilizo chini zimepangwa namna gani, na kila moja ina umri gani. Asiyejua hayo afanya kazi gizani. Kijiji kilichochanga fedha ya kisima kirefu, kisha kikapata maji ya chumvi yasiyonyweka, hakina wa kukirudishia fedha hiyo. Kwa hiyo yafaa wananchi wajue wataalamu wa mawe na ardhi hufanyaje kazi yao, ili wajue maswali ya kuwauliza.

MTO WENYEWE NI MWALIMU

Mwenye shamba karibu na Tana hahitaji kufundishwa kanuni ya kwanza ya elimu hii. Mto ukifurika huacha tope juu ya shamba. Mwaka mwingine ukifurika tena, tope jipya hutua juu ya lile la kwanza. Mtu akichimba shimo mahali hapo ataona mistari ya udongo, mmoja juu ya mwingine, kama mikeka iliyopangwa. Mkeka wa chini ndio uliotangulia kutandikwa. Kanuni hiyo iliandikwa kitabuni mwaka 1669 na Nicolaus Steno, mtu wa Denmark aliyekaa Italia.

Lakini kanuni hii ina upungufu. Yatuambia lipi lilitangulia na lipi lilifuata, ila haituambii ni miaka mingapi. Tena haitusaidii kulinganisha shimo lililochimbwa Hola na shimo lililochimbwa Garissa, maana udongo mwekundu wa huku waweza kuwa wa siku nyingine kabisa na udongo mwekundu wa kule. Rangi ya udongo si ushahidi wa kutosha.

SARAFU ZA KALE

Hapa ndipo viumbe vya kale vinapotoa ushahidi. Tufikiri kwamba mtu anachimba msingi wa nyumba mahali palipokuwa jaa la takataka tangu zamani. Karibu na uso wa ardhi akuta sarafu yenye sura ya Mzee Kenyatta. Chini zaidi akuta sarafu yenye jina la Mfalme George wa Sita. Chini tena akuta ya Mfalme George wa Tano. Hata kama hakuna aliyeandika tarehe za kutupa takataka, mtu huyo ajua kila tabaka ni ya zama zipi. Na akikuta sarafu hizo hizo katika jaa la mji mwingine, aweza kusema kwamba tabaka hii na ile ni za wakati mmoja.

Viumbe vya bahari ni kama sarafu hizo. Kila namna ilitokea wakati fulani, ikaenea, kisha ikatoweka isirudi tena. Mwingereza William Smith, aliyekuwa mpimaji wa mifereji, aliitumia njia hiyo, na mwaka 1815 alitoa ramani ya mawe ya Uingereza.

Pwani ya Kenya ina sarafu za namna hiyo. Katika udongo mgumu wa upande wa Changamwe, karibu na Mombasa, hupatikana amonaiti, yaani makombe yaliyojiviringa kama pembe ya kondoo dume, ambayo yamegeuka mawe. Mnyama mwenye kombe hilo alikuwa wa jamaa ya pweza na ngisi. Katika miaka ya 1870 Mjerumani Hildebrandt alikusanya amonaiti huko Mombasa, na mwenzake Beyrich akayaeleza katika maandiko yaliyotolewa Berlin. Tangu hapo imejulikana kwamba mashapo ya Mombasa ni ya zama ziitwazo Jurasi, ambazo zilianza miaka milioni 201 iliyopita na kwisha yapata miaka milioni 145 iliyopita.

Amonaiti ni makubwa, na keekee ya kutobolea ardhi huyasaga. Kinachotoka katika kisima kirefu ni vipande vidogo vya mwamba vinavyoletwa juu na tope. Kwa hiyo wataalamu hutegemea zaidi viumbe vidogo viitwavyo foraminifera, ambavyo vingi havipiti ukubwa wa chembe ya mchanga. Vingi vyao vilijijengea nyumba ya chokaa, na umbo la nyumba hiyo hutofautiana zama kwa zama. Mtaalamu huosha kifusi, hukikausha, hukiweka chini ya hadubini, kisha huhesabu namna alizoziona. Kijiko kimoja cha tope laweza kuwa na mamia yao.

MTUNGI UNAODONDOKEWA NA MAJI

Sarafu zatuambia zama, lakini hesabu ya miaka yatoka penginepo. Yatoka katika mawe yaliyotapikwa na milima ya moto. Ndani ya mawe hayo mna potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa hewa iitwayo argoni. Mwendo wa kugeuka haubadiliki kwa joto wala kwa baridi: nusu ya potasiamu ya namna hiyo huisha katika miaka milioni 1,250.

Mfano wake ni mtungi uliowekwa chini ya paa linalovuja. Mtu akijua ni matone mangapi huanguka kwa saa moja, kisha akapima maji yaliyomo mtungini, ajua mtungi umewekwa tangu lini. Lava ikiwa ya moto na majimaji, argoni yote hutoka, na mtungi huwa mtupu. Lava ikiganda, matone huanza kuhesabiwa. Yapasa tu mtungi usiwe na ufa, maana ukivuja hesabu itakuwa ndogo kuliko kweli. Ndiyo sababu wataalamu hupima vipande vingi, wala hawatosheki na kimoja.

Msomaji aweza kuuliza: Kwa nini wasiupime mchanga wenyewe? Jibu ni hili. Chembe ya mchanga iliyotua Hola ilitoka katika mwamba wa bara na kuletwa na maji. Ukiipima, utapata umri wa mwamba ilikotoka, wala si siku ilipotua. Ni kama kutaka kujua tarehe ya kujengwa kwa nyumba kwa kuhesabu umri wa mti uliotoa boriti. Kwa hiyo hutafutwa lava au majivu ya moto yaliyolala baina ya tabaka mbili za mashapo. Iliyo chini ya majivu ni ya kale kuliko majivu, na iliyo juu ni ya baadaye.

Kwa mawe ya matumbawe hutumika njia nyingine, ya madini ya urani, ambayo hufaa kwa miaka laki chache tu. Kwa njia hiyo na nyinginezo imeonekana kwamba sehemu ya jiwe la matumbawe la pwani yetu ilikua yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa.

SUMAKU YA DUNIA

Kuna shahidi wa tatu. Kila mwenye dira ajua kwamba mshale wake huelekea kaskazini. Lakini haikuwa hivyo daima. Mara nyingi tangu kale sumaku ya dunia imepinduka, hata mshale wa dira, kama ungalikuwapo, ungalielekea kusini. Mfaransa Brunhes aliona dalili yake katika mawe mwaka 1906, na Mjapani Matuyama akaithibitisha mwaka 1929. Mara ya mwisho kupinduka kabisa ilikuwa karibu miaka 780,000 iliyopita.

Mawe ya moto yagandapo huhifadhi mwelekeo wa sumaku wa siku ile. Sakafu ya bahari inapopasuka, mawe mapya hutoka katikati ya ufa na kusukumwa pande zote mbili. Hivyo hubaki mistari, mmoja wa kaskazini, mmoja wa kusini, kama milia ya punda. Meli ipitayo juu na chombo cha kupimia sumaku yaweza kuisoma milia hiyo pasipo kugusa chini.

USHAHIDI WA VISIMA

Sasa tuangalie yaliyoonekana katika nchi ya Tana na jirani zake. Katika miaka ya 1960 kampuni za BP na Shell zilichimba visima vya kutafuta mafuta katika bonde la kale ambalo wataalamu huliita Bonde la Lamu. Bonde hilo halionekani kwa macho, maana limejaa mashapo hata kusawazika.

Mwaka 1963 kilichimbwa kisima cha Walu, upande wa mashariki wa Mto Tana, si mbali na Hola. Kiliteremka zaidi ya mita 3,700, na mwisho wake bado kilikuwa katika mashapo ya zama za Kretasi, yaani zama zilizofuata Jurasi na kwisha miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1964 kikachimbwa kisima cha Dodori, karibu zaidi na bahari ya Lamu. Hicho kilipita mita 4,300, na bado kilikuwa katika sehemu ya juu ya zama hizo za Kretasi. Mwaka 1968 kikafuata kisima cha Garissa, upande wa bara. Hicho hakikufika hata mita 1,300, lakini kilikuwa kimekwisha kufikia mashapo ya Jurasi.

Msomaji na atafakari maana yake. Garissa tabaka ya Jurasi yapatikana kabla ya kufika mita 1,300. Walu, baada ya mita 3,700, haijafikiwa. Dodori, baada ya mita 4,300, hata Kretasi haijapita nusu. Basi sakafu ya kale yateremka kuelekea baharini kama mtumbwi ulioinamia upande mmoja. Nchi ya pwani ilikuwa ikizama huku mito ikiijaza. Pasipo kujua umri wa tabaka, mtu angaliona tope na mchanga tu katika visima vyote vitatu, asione kwamba nchi ilikuwa ikisogea.

Mwaka 1972 meli ya uchunguzi Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya bahari mbali na pwani yetu, mahali penye kina cha zaidi ya mita 4,000 za maji. Keekee iliteremka zaidi ya mita 1,100 ndani ya mashapo, na tabaka za chini kabisa zilizofikiwa zilikuwa za Kretasi pia.

BUKINI ILIVYOONDOKA

Kwa nini nchi ilizama? Ushahidi wote ukiunganishwa, habari yenyewe ni hii.

Zamani sana Afrika, Bukini, Bara Hindi, Australia na nchi ya barafu ya kusini zilikuwa bara moja. Kisiwa cha Bukini, kiitwacho leo Madagaska, kilikuwa kimeshikamana na Afrika penye pwani ya Kenya na Somalia. Yapata miaka milioni 300 iliyopita bara hilo lilianza kuvutwa na kufanya mabonde. Mito na maziwa yakayajaza mchanga. Mchanga huo ndio mawe ya Duruma, ambayo msafiri wa Mombasa huyapita Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras. Mawe ya namna hiyo yapatikana magharibi mwa Bukini pia. Mtu aendaye kutoka Taru mpaka Mombasa hupita katika tabaka za kale kwanza, kisha za baadaye, kama asomaye kitabu kwa taratibu.

Baada ya Mazeras mambo yabadilika. Huko Kambe, katika nchi ya Kilifi, kuna jiwe la chokaa lenye viumbe vya baharini, na umri wake ni karibu miaka milioni 170. Hapo ndipo bahari ilipoingia. Bara lilikuwa limepasuka, na maji ya chumvi yakapita katika ufa. Mistari ya sumaku katika sakafu ya bahari yaonyesha yaliyofuata. Mwaka 1983 Rabinowitz, Coffin na Falvey walieleza kwamba Bukini iliondoka kuelekea kusini, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na kwamba mwendo huo ulikoma baina ya miaka milioni 130 na 120 iliyopita. Nchi iliyoachwa nyuma ilikuwa imenyumbuka na kuwa nyembamba, ilipopoa, ikazama. Mashapo ya Walu na Dodori yalitua katika shimo hilo.

NYANGUMI WA TURKANA

Mashapo hayaonyeshi kuzama tu. Huonyesha kuinuka pia. Mwaka 1964, huko Loperot katika nchi ya Turkana, lilipatikana fuvu la nyangumi, kilomita 740 hivi kutoka pwani ya leo. Mahali hapo pako zaidi ya mita 600 juu ya bahari. Fuvu hilo likapotea kwa miaka mingi katika ghala ya Marekani, mpaka likaonekana tena mwaka 2011. Mwaka 2015 wachunguzi walitoa habari zake. Lava ya mahali pale ilikwisha kupimwa kwa njia ya mtungi wa argoni, na umri wake ni yapata miaka milioni 17.

Nyangumi hapandi mlima wala maporomoko. Yaelekea alipotea njia, akaingia katika mto mkubwa mpole uliotiririka kuja Bahari ya Hindi, akafia huko. Wachunguzi walikadiria kwamba siku ile mahali pale hapakupita mita 37 juu ya bahari. Basi nchi imeinuka karibu mita 600 tangu hapo. Kuinuka huko ndiko kulikoandamana na kufanyika kwa Bonde la Ufa, kukazuia mvua ya mashariki, na misitu ya bara ikapungua, mbuga zikaenea. Tena milima ikapata maji ya kuupeleka Mto Tana, na mto ukapata udongo wa kuulisha uwanda wa Garsen.

Kazi hiyo haijakoma. Hata leo upande wa mashariki wa Bonde la Ufa waachana na upande wa magharibi kwa milimita chache kila mwaka. Ukucha wa mtu hukua kwa haraka zaidi, lakini katika miaka milioni moja milimita hizo ni kilomita kadhaa.

FAIDA KWA MWANANCHI

Faida ya kwanza ni maji. Kando ya Tana mchanga ulioletwa na mto hushika maji matamu, kwa sababu mto wenyewe huyajaza. Mbali na mto, visima vingi hutoa maji ya chumvi. Sababu zake ni zaidi ya moja: jua kali huyanyonya maji na kuacha chumvi, mvua ni chache, na mashapo mengine yalitua baharini yakiwa na chumvi yake. Mtaalamu anayejua umri wa tabaka hujua kama keekee yake ingali katika mchanga wa mto au imekwisha kuingia katika tope la bahari. Akijua hivyo aweza kusimamisha kazi kabla fedha haijapotea, au kuhamia mahali pengine.

Faida ya pili yahusu mafuta. Visima vya Walu, Dodori na Garissa havikutoa mafuta ya kuuzwa. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa, kilichochimbwa baharini, kilikuta gesi, lakini haikutosha kwa biashara. Mafuta hufanyika katika tope lenye mabaki ya viumbe, likizikwa na kupata joto; kisha husafiri katika nyufa mpaka yakutane na mwamba wa kuyazuia. Mvuvi wa Tana aelewa jambo hili upesi: mgono uliotegwa baada ya samaki kupita haushiki kitu. Kama mwamba wa kuzuia ulifanyika baada ya mafuta kupita, hapana kilichobaki. Ndiyo maana tarehe za tabaka hutafutwa kwa bidii, na ndiyo maana wananchi wakiambiwa kwamba mafuta yako karibu, yafaa waulize: Tabaka zenyewe ni za umri gani, na nani amezipima?

Faida ya tatu ni ya kila mtu mwenye jembe. Wachimbaji wa visima na wa mawe hukuta mara kwa mara makombe, meno au mifupa iliyogeuka mawe. Kitu kama hicho kikitolewa mahali pake na kutupwa, ushahidi wake umekwisha, maana haijulikani tena kilitoka tabaka ipi. Yapasa kukiacha kilipo, kupima kina chake kutoka juu, na kuyaarifu Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kama sheria ya mwaka 2006 inavyoagiza juu ya vitu vya kale vinavyogunduliwa. Fuvu la nyangumi lilikaa kimya miaka mingi kwa kuwa hakuna aliyejua liliko. Kombe dogo lililotoka katika kisima cha Hola au Garsen, likihifadhiwa pamoja na kipimo cha kina chake, laweza kuwaonyesha wachimbaji watakaofuata mahali tope la bahari linapoanza.